Mabati Yangu Juu ya Banda la Mbuzi

Singe, Babati
24 Februari 1984

Mdogo wangu Teodori,

Marahaba. Najua umeniamkia kabla hujapasua bahasha, kwa hiyo naitikia mapema. Hujambo? Kandida na watoto hawajambo? Modesti bado anashika namba nzuri darasani? Paskasi wangu ameandika kutoka kambini. Jeshi limemkondesha, ila anasema analala ameshiba, na kwa siku hizi hiyo ni habari ya kutangaza kanisani. Shangazi Xaveria wa Dareda goti linamsumbua lakini mdomo ni mzima kabisa. Anauliza utakuja kumwona akiwa hai au unasubiri matanga.

Mwandiko usikushangaze. Kalamu ni ya kuazima na ninaandikia juu ya debe.

Teodori, tumepigwa. Unajua tulivyokuwa tukililia mvua tangu Krismasi. Jumatano ya wiki iliyopita, mchana, wingu likasimama juu ya mlima Kwaraa, jeusi ti. Tukafurahi! Wanawake wazima tukatoa ndoo na sufuria uani, tunacheka ovyo. Ukatangulia upepo, halafu mvua ya mawe, na mawe yenyewe si yale ya kuokota na kuwapa watoto walambe. Yaliua kuku. Kuku wangu wote wamekufa isipokuwa yule jogoo mwizi. Mikaratusi aliyopanda marehemu Baba Paskasi imeng'oka, na mmoja ukalala juu ya nyumba. Ukuta wa jikoni ulianguka kwa ndani. Mabati yaliruka, mdogo wangu, yakapita juu ya shamba la mbaazi yanalia, mengine tumeyakuta kule karibu na Nangara.

Mimi nilikuwa ndani. Nilitoka. Hilo tuliache.

Tangu siku ile kazi ni kusafisha. Tumekata matawi, tumefukia kuku, tumefua matope kwa maji matupu maana sabuni haionekani hata ya kunusa. Mahindi ya kihenge yalilowa, tumeyaanika juu ya mawe, tunayageuza kutwa huku tunafukuza njiwa. Mwamvita, mke wa Mikidadi mwenye duka mjini, alikuja amejifunga kibwebwe, akashinda anaokota misumari iliyopinda kwenye matope na kuinyoosha juu ya jiwe. Misumari, Teodori! Zamani ungeipiga teke ukapita. Juzi mimi na yeye tulikaribia kukosana kwa msumari mmoja wenye kutu, tukatazamana, tukacheka mpaka tukakaa chini.

Sasa jambo lenyewe. Shemeji Alois, mdogo wake marehemu, alikuja na mkokoteni wa ng'ombe, akaokota mabati yangu yote. Nilimshukuru! Nilimwombea baraka na kizazi chake! Jioni akaniambia, "Mama Paskasi, mabati nitakutunzia. Wewe mwanamke peke yako utajenga na nani? Hamia kwangu, nyuma kuna chumba. Kiwanja na shamba nitakuangalizia mpaka Paskasi atoke jeshini." Nikamwambia mabati nayahitaji Jumatatu. Akacheka. Jumatatu nikayafuata, nikakuta ameshayagongelea juu ya banda lake la mbuzi.

Umeelewa anachotaka. Nikishaingia kwenye kile chumba cha nyuma, kiwanja kimekwenda na shamba limekwenda, na Paskasi akirudi atamkuta mama yake anachota maji ya watu. Sitoki hapa. Kuna kona moja ya nyumba imebaki wima, nimetandaza turubai la kuazima juu yake, nalala hapo na jogoo wangu.

Wewe ndiye mwanamume wa kwetu. Mwandikie Alois, mwambie arudishe mabati ya dada yako. Huyu mtu anaogopa karatasi inayotoka mjini. Na kama stoo ya kiwanda chenu ina misumari, hata konzi moja, mpe dereva yeyote anayekuja huku.

Wabusu watoto kwa niaba yangu, na wewe ule vizuri.

Dada yako anayekupenda,
Hilaria


Tanga
22 Machi 1984

Dada yangu mpendwa Hilaria,

Shikamoo. Barua yako imenifikia ingawa ilichelewa njiani. Sisi sote tu wazima. Modesti amekuwa wa tatu darasani. Chakula ni unga wa yanga, haya mahindi ya njano ya msaada, asubuhi na jioni, watoto wanasema sasa hata ndotoni wanaona njano. Kandida anakusalimu sana na anaulizia ile mbegu ya maboga uliyomwahidi.

Nimesikitishwa mno na maafa yaliyokupata. Nimelitafakari jambo lako kwa makini, na naomba unisikilize bila hasira, ingawa najua naomba jambo gumu. Dada, hali ya nchi unaiona. Mabati hayapatikani bila kibali, na kibali hakipatikani bila kujuana. Misumari ndiyo usiseme, mtu akikutwa nayo nyingi anaitwa mhujumu uchumi. Sasa utajenga kwa kitu gani? Shemeji Alois ana maneno mengi lakini ni mtu wa familia. Mimi naona uhamie kwake kwa muda, hali ikitulia tutaangalia la kufanya. Nimemwandikia kwa heshima ili kumtuliza.

Kuhusu misumari ya kiwandani, kwa sasa haiwezekani. Taratibu za stoo zimebadilika.

Halafu, tafadhali usiandike tena kupitia sanduku la posta la kiwanda. Andika kwa Bwana Halidi, jirani yangu mwenye duka. Barua zitafika upesi zaidi.

Mpe pole Shangazi Xaveria, mwambie nitakuja, nitakuja.

Ni mimi mdogo wako mtiifu,
Teodori


Singe, Babati
29 Aprili 1984

Kwako Teodori mtiifu,

Marahaba. Pasaka tumekula vizuri, kila mtu na kiazi chake. Mbaazi chache zilizosalia zimeanza kuinuka, ardhi bado ina moyo. Shangazi anakusalimu. Nimemsomea ile "nitakuja, nitakuja" yako, akaniambia nimsomee tena polepole ili afe anacheka.

Salamu zimekwisha, sasa tugombane.

Umemwandikia Alois kwa heshima! Heshima yako nimeiona, Teodori, na kijiji kizima kimeiona. Jumanne baada ya Pasaka kulikuwa na mkutano wa kijiji kuhusu nyumba zilizoanguka. Alois akasimama mbele ya mwenyekiti, akatoa barua yako mfukoni, akaisoma kwa sauti ya padri: "Mimi kama kaka yake sina pingamizi dada kuhamia kwako, na mali yake uiangalie." Watu wakanigeukia. Mwenyekiti akauliza, "Mama Paskasi, huyu Teodori ni nani wako?"

Nikasimama. Nikasema, "Huyu Teodori ni mdogo wangu wa mwisho. Mama yetu alipokufa nilimbeba mgongoni mpaka mgongo ukapata kidonda. Shuleni Dareda nilimpeleka mimi, analia kamasi zinamtoka, nikamwahidi andazi ili aingie darasani. Leo amekuwa mkubwa, sawa, lakini mimi si mbuzi wake wa kumpa mtu." Watu wakapiga makofi. Alois akakunja karatasi akakaa. Mwenyekiti akasema suala litaangaliwa, ndivyo wanavyosema siku zote.

Nilikuomba umwambie arudishe mabati. Badala ya mabati ukampa mimi. Kwa nini? Nimeumia, sikufichi. Ningeumwa na nyoka ningejua nyoka ndiyo kazi yake.

Na hii habari ya Halidi nimeikalia mguu juu ya mguu, haiingii. Posta ya Tanga si ni moja? Barua ya kiwandani ichelewe, ya dukani iwahi, zinapitia wapi? Lakini haya, nimeandika kwa Halidi, umsalimie.

Sasa nikwambie nilivyoamua, maana sikungoji. Unamkumbuka Bibi kule Mbulu na nyumba yake iliyozama kwenye mteremko? Paa la udongo, majani yameota juu. Ukitoka mlimani unaweza kukanyaga nyumba ukadhani unakanyaga shamba, na wewe uliwahi kukojoa juu ya kitanda cha Babu kwa kutojua. Je, umewahi kusikia upepo umechukua tembe la Bibi? Upepo ungelichukua kwa wapi? Mteremko ninao hapa nyuma ya kiwanja. Miti ninayo, ile mikaratusi ya marehemu imelala chini yenyewe, na kwa nguzo kuna migunga iliyoanguka mtoni, haina mwenyewe. Tembe halitaki bati wala halitaki msumari, linataka kamba, udongo na watu.

Kwa hiyo nitajenga tembe. Mabati yakae huko huko, mbuzi wa Alois wafurahi.

Bado dada yako, kwa bahati mbaya yako,
Hilaria


Tanga
25 Mei 1984

Dada yangu Hilaria,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako, nikaiweka, nikaisoma tena. Watoto wazima. Kandida alikuwa na malaria lakini sasa amepona, anashona nguo za majirani kidogo kidogo.

Sikukugawa. Nilidhani nakutafutia mahali pa kulala pasipovuja. Kama nilikosea maneno, nisamehe, lakini usiseme mimi si ndugu.

Ila hili la tembe, dada, hapana. Tafadhali hapana. Umesahau tulivyohamishiwa vijijini? Matembe yalivunjwa mbele ya macho yetu, tukaambiwa tutoke ardhini tukaishi kama watu. Marehemu shemeji alihangaika miaka mingi mpaka akaezeka bati, watu wakawa wanatoka Maisaka kuja kuiona nyumba yenu. Leo urudi kuingia shimoni kama nguchiro? Watu watasema dada yake Teodori ameishiwa. Na serikali ya kijiji itakuja kulivunja, utakuwa umepoteza nguvu bure.

Nguvu yenyewe ipi? Alois ameniandikia kwamba siku ya upepo mhimili ulikuangukia na mkono wa kulia ukavunjika. Nilishangaa ule mwandiko, ukanidanganya na debe. Kwa nini hukuniambia? Unajenga vipi kwa mkono mmoja? Nimeshindwa kulala kwa jambo hilo.

Niandikie upesi, na niandikie ukweli.

Mdogo wako,
Teodori


Singe, Babati
8 Julai 1984

Mdogo wangu Teodori,

Marahaba. Kandida pole kwa malaria, na asishone huku anatetemeka kwa homa, mwambie apumzike. Mbegu za maboga nimempa dereva wa lori la mbao, aziache Korogwe kwa mtu wake awaletee Tanga. Zikifika mshukuru Mungu, zisipofika dereva anakula maboga.

Ndiyo, mkono ulivunjika. Barua ile niliiandika kwa mkono wa kushoto, na najisifu, mbona ulisomeka? Mwamvita alinifunga kwa khanga yake na vipande vya boksi la sabuni, akanipeleka kwa wauguzi. Umeunga umepinda kidogo, lakini unashika jembe. Sikukuambia kwa sababu ungeniambia niende kwa Alois. Na hukujua, bado uliniambia niende kwa Alois! Kwa hiyo nilifanya vizuri.

Sasa kaa chini nikupe habari.

Alois alipita kila nyumba ya Singe akiwaambia wanaume kwamba atakayenijengea anaingilia ukoo wake. Wanaume wa Singe wote wakashikwa na homa siku moja. Mmoja mgongo, mmoja jino, mmoja ng'ombe wake anazaa, na ng'ombe mwenyewe ni dume. Nikachimba mwenyewe, taratibu, kwa mkono wa kushoto. Ndipo akaja Herieli, yule Mlutheri mpasua mbao wa Maisaka, na msumeno wake begani. Akasema, "Mama, nasikia Wakatoliki wa huku wanaumwa wote." Alinipasulia ile mikaratusi na kusimamisha nguzo, na malipo aliyotaka ni matawi ya kuchomea mkaa. Nimemwambia mbinguni nitamfungulia mlango wa nyuma.

Nguzo zikasimama, mapau yakafungwa kwa kamba, matawi na majani yakatandazwa juu. Ikabaki udongo. Na siku ya kupandisha udongo unajua tangu enzi za Bibi ni siku ya wanawake. Hilo halihitaji ruhusa ya ukoo wa mtu. Nilipita kwa wanawake tu, nikawaambia sina pombe, sina sukari, nina maboga ya kuchemsha na mbaazi. Walikuja, Teodori! Sikutegemea. Walitoka Singe, walitoka Nangara, wake wa wale wale wanaume wenye homa, kila mmoja na karai lake. Mwamvita alikuja na chumvi imefungwa kwenye pindo la khanga, hebu fikiria, chumvi! Tukapanga mstari kutoka shimoni mpaka juu ya paa, karai linakwenda, karai linarudi, na wimbo juu. Mimi nilikuwa juu nakanyagia udongo kwa miguu, maana miguu yangu haijavunjika.

Jua likiwa limeanza kuinama, Alois akatokea na mwenyekiti na katibu. Katibu akasimama chini akafungua kinywa. "Shukeni hapo! Matembe yalipigwa marufuku tangu tuhamie vijijini. Huu ni upinzani kwa maendeleo." Hakuna aliyeshuka. Wimbo ulipungua kidogo, halafu Mama Sylvesta, yule mnene wa kando ya kisima, akaupandisha tena, na karai likapita mbele ya pua ya katibu. Akarudi nyuma asichafue suruali.

Alois akapaza sauti, "Mnaona? Mkaidi! Kaka yake mwenyewe anamkana!"

Hapo nilisimama pale juu, matope mpaka magotini. Nikasema, "Mwenyekiti, shikamoo. Maendeleo nayataka sana. Nataka nyumba bora, nataka bati, hata vioo nitaweka. Lakini maendeleo yangu yako juu ya banda la mbuzi wa Alois. Twende sasa hivi tukayashushe, yakifika hapa hili tembe nalivunja kwa mikono yangu kabla jua halijazama. Nakuapia mbele ya wanawake wote hawa."

Mwenyekiti akamgeukia Alois. "Mabati ya huyu mama yako kwako?" Alois akasema anayatunza. "Unayatunza juu ya mbuzi?" Wanawake wakacheka, Teodori, kicheko nilichosikia kwenye mbavu zangu. Mwenyekiti akaenda kuona kwa macho yake na nusu ya wanawake nyuma yake na makarai yao. Alirudi anapangusa jasho, akasema mbuzi wa Alois wanaishi vizuri kuliko katibu kata. Akatoa amri mabati yarudi kwangu. Na tembe? Akakuna kichwa. Akasema kwa kuwa hali ya vifaa ni ngumu, tembe libaki kwa muda.

Kwa muda! Niliposhuka nilimshukuru kwa heshima zote. Bibi aliishi kwa muda kwenye lake mpaka akafa.

Sasa nalala ndani. Ni pafupi, ni giza, kuna joto usiku na ubaridi mchana, na upepo ukivuma nausikia unapita juu unatafuta pa kushika. Useme nguchiro. Nguchiro ana kwake.

Wewe sasa uniambie habari zako. Umenitaka niandike ukweli, nimeandika. Kiwanda kinaendeleaje?

Dada yako,
Hilaria


Tanga
10 Agosti 1984

Dada yangu Hilaria,

Shikamoo. Tunashukuru Mungu. Mbegu zimefika. Nimemsomea Kandida barua yako mpaka majirani wakaja kuuliza tunacheka nini. Hongera, dada. Nilikosea kuhusu tembe.

Nina ombi dogo. Kandida na watoto wangependa kuja likizo, waone ndugu. Nimeona wangekuja mwezi wa tisa na pengine wakae kidogo zaidi, mpaka Krismasi hivi au ikibidi zaidi. Hawatakuwa mzigo. Watakuja na vitu vichache tu, godoro na cherehani ya Kandida na vyombo. Je, kuna nafasi?

Mimi nitabaki kwa shughuli. Huku mjini msako wa watu wasio na kazi umepamba moto, wanawakamata wanawapakia kwenye malori kuwapeleka vijijini kulima. Mimi hainihusu. Nakutajia tu kama habari.

Mdogo wako,
Teodori


Singe, Babati
2 Septemba 1984

Teodori, mtoto wa mama yangu,

Marahaba, marahaba. Paskasi amepewa likizo fupi, alikuja akazunguka tembe mara mbili akitafuta mlango, halafu akaingia akalala siku nzima. Anasema kambini hakuna mahali palipotulia hivyo. Shangazi Xaveria alipanda lori na goti lake mpaka hapa, akagusa nguzo moja moja, akalia. Nafikiri alimkumbuka Bibi.

Alois amerudisha mabati. Aliyatupa uani alfajiri, mengine yametobolewa na misumari yake. Nimeezekea choo. Nyumba ya udongo na choo cha bati, watu wakipita wanasimama wanacheka, nami natoka nacheka nao. Jumapili Alois alipita kunisalimia baada ya misa. Mlango wangu ni mfupi, kila anayeingia anainama, na yeye aliinama. Nilimpa kiti na kibuyu cha maziwa. Nilimwambia kiwanja ni cha Paskasi na mimi ndiye ninayekikalia, akasema, "Nimesikia, shemeji." Alikunywa akamaliza.

Sasa tukuzungumzie wewe.

Mtu gani anakwenda likizo na cherehani? Mtu gani anakwenda likizo na godoro, na shule zimefunguliwa? Mimi sikusoma kama wewe, lakini najua mzigo wa mgeni na mzigo wa anayehama.

Mwezi wa sita Mikidadi alikwenda Tanga kutafuta bidhaa. Alikuona sokoni unasukuma mkokoteni wa magunia ya watu. Anasema ulimwona, ukageuza uso. Aliuliza, akaambiwa kiwanda chenu kimesimama tangu kabla ya Krismasi, mashine hazina vipuri, watu wote mmerudishwa nyumbani. Alimwambia Mwamvita, na Mwamvita aliniambia tukiwa tunasiliba ukuta, akiniangalia pembeni. Nilijua yote hayo nilipokuandikia mwezi wa saba. Nilikuuliza kiwanda kinaendeleaje ili useme mwenyewe. Hukusema.

Nililia, Teodori, nakwambia waziwazi. Nilimlilia yule mtoto niliyembeba, anasukuma magunia ya watu juani na vyeti vyake vya shule vimo sandukuni. Nilipomaliza kulia nikakasirika. Kwa hiyo nilipokuomba misumari hukuwa na kazi! Hukuwa na hata msumari mmoja wa kunipa, na badala ya kusema "dada, sina", ukaniandikia taratibu za stoo zimebadilika na ukanisukumia kwa Alois mwenye mabati. Ungesema sina! Mimi mwenyewe sina, Mwamvita hana, nchi nzima haina. Ungesema, nami ningekujibu kwa neno moja tu, rudi.

Sikucheki. Nami nilikuficha mkono. Sote wawili ni wakaidi, ni damu ya Bibi, tutafanyaje. Lakini ukaidi wangu umesimamisha nyumba, wako umefanya nini huko zaidi ya kukukondesha?

Basi nisikilize, maana hapa ni dada mkubwa anasema. Nafasi ipo, na si ya Kandida na watoto peke yao. Herieli amekubali kuja tena na msumeno wake, mteremko bado ni mrefu, tutachimba chumba kingine ubavuni, na safari hii mikono itakuwa mingi. Mvua za vuli zikikaribia nataka mtu wa kunisaidia kupanda. Cherehani ya Kandida italisha nyumba, mjini Babati watu wanatembea na viraka juu ya viraka. Modesti atakwenda shule Singe. Atakayekuuliza umerudi kufanya nini, mlete kwangu nimjibu mimi.

Usimlete mkeo na watoto halafu wewe ubaki huko unajificha na mkokoteni wako. Na hao watu wa msako usiwasubiri. Wakikukamata watakupakia kwenye lori pamoja na wengine, watakushusha wanapotaka, na watasema wao ndio wamekurudisha kijijini. Nani atawapa nafasi hiyo? Uza kitanda mnachokiacha, ukate tiketi. Panda basi mchana kweupe, wewe na mkeo na watoto wako wote, vaa shati lako zuri, ukae dirishani, ukiulizwa unakwenda wapi useme kwa sauti, nakwenda kwetu.

Ni mimi dada yako,
Hilaria